Kilo Mbili Kasoro

Mdogo wangu alipofika Tinde akitokea Katoro, alishusha kikapu cha ukindu kwanza, kabla ya begi lake na kabla ya sukari ya wazee. Kikapuni mlikuwa na kanga iliyokunjwa mara nne, na juu yake amelala mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, masikio mapana kuliko uso. Baba mkubwa alikuwa chini ya mkwaju akisokota kamba ya kufungia ndama. Aliitikia shikamoo zetu, akachungulia kikapuni, akauliza bei. Alipotajiwa, aliweka kamba chini.

"Hiyo ni bei ya mtamba," alisema.

Mjadala ulianzia hapo ukaendelea siku mbili, tukiukatiza kwa kula na kulala tu. Nauandika kwa sababu hauhusu ukoo wetu peke yake. Toka Kahama hadi Geita mjini, nyumba iliyopata neema ya dhahabu hujengewa ukuta, huwekewa geti, na siku hizi naona huletewa na mbwa wa namna hii. Narudi baada ya mwaka, nauliza habari zake, naambiwa alikufa. Alikufa kwa nini? "Alilala tu, asubuhi hakuamka." Jibu hilo limeniumiza muda mrefu, na sababu yake nitaisema mbele.

Waliozungumza ni watatu. Baba mkubwa hapa nitamwita Mzee. Mdogo wangu, dalali wa dhahabu mwenye leseni, nitamwita Binti. Wa tatu ni daktari wa mifugo aliyekuja kumtazama ndama mwenye kuhara, akazuiwa asiondoke. Mimi nilikuwa karani wao, ila kuna mahali nililazimika kusema langu.

MZEE: Mwanangu, mimi sina ugomvi na mbwa. Nimewafuga tangu hujazaliwa. Mbwa analala mlangoni mwa zizi. Fisi akikatiza kwenye ngitili ya malisho, tunajua tukiwa bado kitandani. Miaka ile ya wizi wa ng'ombe, kabla walinzi wa Sungusungu hawajaanza kupiga filimbi huku kwetu, mbwa ndiye aliyekuwa askari wa boma. Anakula ugali wangu kwa jasho lake. Huyu wako analinda nini? Fisi atamchukua kama anavyochukua kuku.

BINTI: Baba, sikumnunua kwa ajili ya ng'ombe. Mimi ng'ombe sina, nina mizani na kabati la chuma. Naishi peke yangu nyuma ya ofisi. Mtu akisimama mlangoni saa nane za usiku, Pointi anajua kabla yangu, na anasema.

MZEE: Anaitwa nani?

BINTI: Pointi.

Kwa asiyekaa machimboni: dhahabu hupimwa kwa gramu, na vile vipande vidogo vya gramu huitwa pointi. Mchimbaji aliyeshinda siku tatu ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, anaweza kutoka na pointi tu, na hazidharau.

MZEE: Anasema, halafu? Mwizi akiingia atamfanya nini?

BINTI: Mimi nitakuwa nimeshaamka. Na hata asiponiamsha, Baba, nikirudi jioni nakuta kuna mtu nyumbani.

MZEE: Huyo si mtu.

Alilisema hilo kwa upole. Nilikumbuka usiku mmoja, miaka minne nyuma, kifutu alipomgonga mbwa wake aliyekuwa amezeeka na hafai tena hata kufukuza kuku shambani. Mzee alikesha naye akimlowesha mdomo kwa maji, na asubuhi hakwenda mnadani. Hakuna aliyemwuliza mbwa yule alikuwa na kazi gani usiku ule. Sikulitaja jambo hilo mbele yake, nalitaja hapa.

BINTI: Babu yetu alifanya kazi Mwadui, si ndiyo? Ile almasi ya waridi iliyopatikana pale 1947, karati 54.5, Williamson mwenye mgodi alimpa Elizabeth wa Uingereza zawadi ya ndoa. Na mwaka huo huo Elizabeth alikwenda fungate na mbwa wake, Susan, corgi wa miguu mifupi. Mwenye almasi ya Mwadui hakuona haya kuonekana na mbwa mfupi, mimi nione haya ya nini?

DAKTARI: Dada, hapo umempa Mzee silaha. Corgi ni mbwa wa ng'ombe. Kule Wales walimfuga aswage mifugo kwa kuuma visigino, na ufupi wake ndio unaomwokoa: ng'ombe akirusha teke, linapita juu ya kichwa chake.

MZEE: Umesikia?

BINTI: Karati 54.5 ni gramu 10.9. Na dunia nzima inaijua. Kwa hiyo udogo si hoja.

Alikuwa amepiga hesabu hiyo kichwani, ndiyo kazi yake. Tangu hapo hatukutoka tena kwenye uzani.

Daktari aliomba apewe mbwa. Alimbeba kiganja kimoja chini ya kifua, kingine chini ya makalio, akatwambia watu humwinua kwa kumshika miguu ya mbele kama sungura wa sokoni na huko ndiko mabega yanakoharibika. Binti alisema asubuhi ile alikuwa na kilo 1.94. Daktari akasema ni sawa: mbwa wa kabila la Chihuahua, ambaye mitaani huitwa chiwawa, kwa viwango vya wafugaji hatakiwi kuzidi kilo 3 hata akiwa mtu mzima. Hakuna kabila la mbwa lililo dogo zaidi.

DAKTARI: Jina ni la jimbo la kaskazini mwa Mexico, na jimbo hilo ni la machimbo, linachimba madini ya fedha kwa karne kadhaa sasa. Kwa hiyo ametoka machimboni akaja machimboni. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba kwa upande wa mama bado ana alama za mbwa waliokuwako kule kabla Wahispania hawajafika. Kwao, Mzee wangu, huyu ni mbwa wa kienyeji.

MZEE: Kwao.

DAKTARI: Na wetu je? Miaka ya 1930 Waingereza walichukua mbwa wadogo wa kuwindia kutoka Kongo, wakawaita basenji. Ni neno lenye mzizi mmoja na lile tunalowatukania hawa wanaolala mlangoni kwako: mbwa shenzi. Leo basenji ana ukoo ulioandikwa vitabuni na bei inayozidi ya huyu. Hakubadilika mbwa, alibadilika anayemtazama.

Mzee alinyoosha mkono amguse. Pointi alikunja midomo akaonyesha meno yote, akatoa mngurumo ambao sikudhani unaweza kukaa katika kifua kile. Mzee aliurudisha mkono bila haraka.

MZEE: Mkali.

BINTI: Haumi.

DAKTARI: Anauma, dada. Tusidanganyane. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikusanya majibu ya maelfu ya wafugaji wa mbwa. Waliotia fora kwa kufokea na kuuma wageni, na hata wenye nyumba, walikuwa dachshund na chiwawa. Majitu yanayoogopwa yalikuwa chini yao kabisa.

MZEE: Kwa hiyo ana roho mbaya.

DAKTARI: Ana woga. Lala hapa chini, Mzee wangu, uweke shavu ardhini, halafu mimi nije kwako na viatu hivi na mkono ulionyooshwa. Ungefanya nini? Kila anayemjia anamjia kutoka juu. Na kuna jambo la pili, hili linatuhusu sisi. Mbwa wako akimngurumia mtoto, siku hiyo hiyo anafundishwa adabu. Huyu akinguruma watu wanacheka, wanamwinua, wanambusu. Amefundishwa kwamba mngurumo ndio njia ya kupata anachotaka. Umleavyo ndivyo akuavyo.

BINTI: Nilimpata hivyo hivyo, daktari.

DAKTARI: Akiwa na umri gani?

BINTI: Wiki 6. Aliyeniuzia aliniambia ni 9. Alikuja na basi.

Daktari alitikisa kichwa muda mrefu. Alieleza kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mbwa anajifunza dunia ina nini: wanaume, watoto, pikipiki, mvua ya mawe juu ya bati, mbuzi. Anajifunza kwa mama yake na nduguze kwamba meno yanaumiza, kwa kuwa akiwauma wanamkatalia mchezo. Ukimwondoa wiki ya 6 umemtoa shuleni kabla hajajua kusoma. Hatakiwi kuondoka kabla ya wiki ya 8, na kwa hawa wadogo kabisa wafugaji makini husubiri hadi ya 12. Lakini wiki 4 zaidi ni chakula zaidi, na muuzaji anayetafuta hela ya haraka hazitaki.

Tulimfanyia Pointi jaribio dogo pale pale. Daktari alimwambia Mzee aketi chini kwenye mkeka, amgeuzie ubavu, asimtazame machoni, aweke kipande cha nyama ya kuchemsha kwenye kiganja na kukisahau. Dakika zilipita. Mzee alirudia kusokota kamba yake kwa mkono mmoja. Pointi alisogea, akarudi, akasogea. Alichukua nyama kwa ncha ya meno, akakimbilia kikapuni kuilia humo. Mzee hakusema neno, lakini hakunyanyuka mkekani.

Baadaye, jua lilipozama, mbwa alianza kutetemeka mwili mzima, na Mzee ndiye aliyeona kwanza.

MZEE: Daktari, mnyama huyu ana homa.

DAKTARI: Ana baridi. Sufuria ndogo hupoa kabla ya chungu kikubwa, na mwili wake ni sufuria ndogo: ngozi nyingi, nyama kidogo ya kutunza joto. Sisi tunasema Shinyanga ni joto, lakini usiku wa Juni na Julai yeye anahitaji kipande cha sweta. Wakati mwingine hutetemeka kwa hofu, wakati mwingine kwa furaha. Kuna mtetemeko mmoja tu ninaouogopa.

BINTI: Huo naujua.

Alitusimulia usiku wa kwanza wa Pointi pale Katoro. Alikuwa amepimwa kwenye mizani ya dhahabu, akaonekana ana gramu 430. Safarini hakula. Saa tano usiku alianza kuyumba kama aliyelewa, kisha akalala ubavu, macho wazi, fizi nyeupe. Binti hakuwa na namba ya daktari yeyote wa karibu. Alichokuwa nacho ni asali ya Bukombe. Alichovya kidole, akampaka kwenye fizi na chini ya ulimi, kidogo kidogo, akambana kifuani chini ya nguo. Baada ya robo saa hivi mbwa aliinua kichwa.

DAKTARI: Ulimwokoa. Sukari ya damu ilikuwa imeshuka. Mtoto wa chiwawa hana akiba, ini lake ni dogo mno na mafuta hana. Mbwa wa Mzee akikosa chakula siku nzima, kesho atakula mara mbili. Huyu akikosa saa kadhaa anaweza kufa. Ndiyo maana hadi miezi 3 au 4 analishwa mara 4 au 5 kwa siku, na asali isikose nyumbani. Ila asiyeweza kumeza usimmiminie mdomoni, mpake tu, kisha umkimbize kwa daktari, kwa sababu sukari ikipanda kwa asali itashuka tena.

MZEE: Mnyama wa kuamshwa usiku alishwe kama mtoto mchanga.

BINTI: Miezi mitatu tu, Baba. Sasa anakula mara tatu.

MZEE: Anakula nini?

BINTI: Minofu ya sangara iliyochambuliwa miba, wali, boga, siku nyingine ini kidogo. Mchuzi wetu simpi.

DAKTARI: Na usimpe. Watu wanafikiri wanamnyima kwa ajili ya pilipili, kumbe hatari ni kitunguu. Kinavunja chembe nyekundu za damu za mbwa. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili zinatosha kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 20 hilo ni sufuria zima la mchuzi. Kwa huyu ni kitunguu kimoja kidogo, na mchuzi gani wa kwetu hauna kitunguu?

Hapa ndipo niliposhindwa kuendelea kuandika bila kusema.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu alikuwa na chiwawa mwingine, jike, miezi mitatu. Alikuja naye likizo hapa hapa Tinde. Nilimkuta ana kupe nyuma ya sikio. Ilikuwa siku ya kuwanyunyizia ng'ombe dawa, bomba limejaa, ndoo ipo. Nilichota kwenye ndoo ile ile iliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe, nikamwogesha kwa mikono yangu, nikamkausha kwa taulo langu. Nilifurahi kuona kupe wakianguka. Jioni alianza kulegea, akawa hainuki. Mwili ulipoa, nilipoweka kidole kifuani moyo ulikuwa unapiga taratibu kama wa mtu anayesinzia. Hatukujua la kufanya. Asubuhi hakuamka. Waliponiuliza nilisema, "Alilala tu." Mdogo wangu alikuja kuujua ukweli miezi mingi baadaye, kwa kinywa changu mwenyewe, na hajawahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Daktari aliuliza dawa ilikuwa ipi. Mzee alikwenda ghalani akaleta chupa.

DAKTARI: Amitrazi. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri ya kupe. Kwa mbwa wadogo hivi inashusha moyo, inashusha joto, inawalaza. Hata dawa za mbwa zilizotengenezwa kwa amitrazi huja na onyo, wasipewe watoto wadogo, na chiwawa wanatajwa kwa jina. Sikuambii hivi kukuongezea uchungu, kaka. Nakuambia kwa sababu kila wiki naulizwa mbwa aogeshwe na dawa gani, na anayeuliza ameshika bomba la ng'ombe mkononi. Na sindano vilevile. Chukua aivamektini ya asilimia 1, iliyo katika kila kijiji cha wafugaji. Mililita 1 inapimiwa kilo 50. Mtu anamtazama mbwa, anamwona mdogo, anasema tumpe nusu mililita tu. Nusu mililita ni dawa ya mnyama wa kilo 25! Huyu hafiki hata 2. Umempa zaidi ya mara kumi na mbili.

BINTI: Kwa jicho.

DAKTARI: Kwa jicho.

BINTI: Mimi mchimbaji akinijia na kidonge cha dhahabu nikamwambia, "Naona kama gramu tatu hivi," atanipiga. Na atakuwa na haki. Tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita 2019, kila kitu ni mizani, mbele ya macho ya wote. Gramu moja haikadiriwi. Kwa nini uhai ukadiriwe?

Naiona hoja hiyo kuwa ndiyo moyo wa shauri lote, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mdogo wangu. Nchi hii ya Shinyanga ina maarifa makubwa ya mnyama mkubwa. Tunajua ng'ombe kwa kumtazama mgongo. Tumezoea dawa za vipimo vya ng'ombe, mikono ya kushika ng'ombe, kamba za ng'ombe. Geita na Katoro, safari ya saa chache tu, wana maarifa ya kitu kidogo: mizani inayotikiswa na pumzi, mpimaji anayefunga dirisha upepo usiingie. Chiwawa ameletwa kwa fedha za Geita akatunzwa kwa mazoea ya Shinyanga, na anafia katikati. Vifaa vya kumtunza vipo tayari, vimelala kwenye kabati za watu wale wale wanaomnunua. Mtoto wa chiwawa anapozaliwa ana uzito wa gramu 100 hivi, na anatakiwa kuongezeka kila siku. Siku asipoongezeka ndiyo siku ya kutafuta msaada. Mizani ya duka la kawaida haioni tofauti hiyo. Ya dalali inaiona.

Siku ya pili Mzee alirudi na hoja aliyoilalia, na nakiri ilikuwa nzito.

MZEE: Mwanangu, nimekubali unampima, unamlisha. Sasa niambie, anaishi wapi? Hapo Katoro, ukimfungulia mlango anakwenda wapi?

BINTI: Simfungulii. Nje kuna bodaboda, kuna mbwa wakubwa. Ukitoka mjini kidogo kuna maduara yaliyoachwa wazi. Kuna madimbwi ya kuoshea, wengine wanatumia zebaki, na kule wanakochenjulia mchanga wa marudio kuna sianidi. Mbwa wa jirani alikunywa maji hayo.

MZEE: Basi mwaka mzima anatazama ukuta. Mbwa wangu anakonda, anapata kupe, anapigwa na nguruwe pori. Lakini asubuhi akiamka anajua harufu ya nyasi na anajua nani alipita usiku. Huyu wako ameshiba, na hajui kitu. Nani ameonewa?

Binti alikosa jibu. Daktari naye hakumsaidia.

DAKTARI: Mzee amesema kweli. Watu wanadhani kwa kuwa ni mdogo sebule inamtosha. Ana pua ile ile, akili ile ile. Anahitaji kutoka mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni jua likiwa limepoa, hata nusu saa kwa jumla, anuse, asikie, akutane na watu. Nusu ya ukali wa hawa ni kufungiwa.

BINTI: Nilimtoa mara mbili, dume la mtaani likamfuata.

DAKTARI: Ni jike?

BINTI: Jike.

DAKTARI: Basi hilo tulizungumze leo leo. Chiwawa huzaa mtoto mmoja mpaka watatu, vichwa vikubwa, nyonga nyembamba, na wengi huzaa kwa upasuaji hata wakipandwa na dume la saizi yao. Akipandwa na dume la kilo 15 la mtaani, unampoteza. Kama hutaki azae, afungwe kizazi na daktari mwenye dawa za usingizi anazojua kuzipima kwa mnyama wa kilo 2. Usikubali anayebahatisha, nenda hata Mwanza.

Alimgeuza Pointi, akatuonyesha utosi. Ndiyo, utosi, kama wa mtoto mchanga: chiwawa wengi hubaki na tundu laini kati ya mifupa ya kichwa, wengine maisha yao yote, na ubao wa kitanda au mpira wa watoto ukigonga hapo unagonga ubongo. Akatuonyesha pia ya goti inavyoteleza nje ya njia yake mbwa anaporuka kutoka kitandani. Mzee alisema kiungo hicho kina jina lake la zamani, kilegesambwa. Nililijua neno hilo kutoka kamusini, sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu, wala kufikiria kwamba lina mbwa ndani yake. Meno hakuyasahau: yapo 42, sawasawa na ya mbwa wa zizini, yamesongamana katika taya la upana wa vidole viwili, kwa hiyo yanaoza mapema yasipopigwa mswaki. Dawa ya meno ya binadamu haifai. Binti alisema anatumia kitambaa na maji ya chumvi kidogo, akaambiwa aache chumvi.

Kisha daktari akamgeukia Mzee, na sauti yake ikabadilika.

DAKTARI: Mzee wangu, mbwa wako ni wangapi?

MZEE: Sita.

DAKTARI: Wamechanjwa?

MZEE: Wawili. Walipita wale wa chanjo mwaka juzi.

BINTI: Pointi ana cheti. Kichaa alichanjwa alipotimiza miezi mitatu, na za watoto alimaliza wiki ya 16.

DAKTARI: Inakadiriwa kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 1,500 kila mwaka katika nchi yetu, na wengi ni watoto. Meatu, iliyokuwa ndani ya mkoa wetu huu hadi 2012, inapakana na hifadhi za Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliingia kwa simba wa Serengeti, ukaua kama theluthi yao, wapatao 1,000. Ulitoka kwa mbwa wa vijijini, mbwa kama hawa wako. Ili kichaa kikatike, mbwa 70 katika kila 100 wanatakiwa wawe wamechanjwa. Wewe una wawili kwa sita.

MZEE: Mbwa wangu hawajaumwa.

DAKTARI: Bado. Na wewe dada, usitabasamu. Huyu wako akimtia mtu jino, watu watasema ni mkwaruzo, jino lenyewe ni kama sindano. Hakuna anayeosha. Kirusi hakipimi mbwa. Ni maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo, awe mbwa wa kilo 2 au 30. Jirani zetu Waislamu waliozoea kuosha kwa makini wanapoguswa na mate ya mbwa wana desturi inayotufaa sote hapa.

Mzee alikaa kimya. Aliuliza chanjo ni shilingi ngapi. Daktari alimwambia kwamba karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bure, lakini yeye asingesubiri Septemba. Angekuja Jumamosi. Mzee alisema wanne waliobaki hawashikiki, hawajawahi kufungwa kamba. Akaambiwa ndiyo maana aanze leo kuwazoesha.

Mchana Binti alijiandaa kuondoka. Alimvika Pointi ukanda mwekundu shingoni, wenye njuga. Daktari aliuona, akamwomba auvue: koo la hawa ni jepesi, akivutwa shingoni bomba la hewa hubanwa, na kwa miaka hulegea mpaka mbwa anakohoa kama bata. Kamba ipite kifuani na nyuma ya mikono. Madukani Katoro hakuna ya saizi yake, Binti alisema, amezunguka kote.

MZEE: Hata ndama hafungwi shingo kwa fundo linalokaza.

Aliingia ndani akatoka na kipande cha ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa samli, na kisu. Aliketi mkekani ubavu, kama alivyofundishwa jana, bila kumtazama mbwa machoni.

BINTI: Kwa hiyo umekubali, Baba?

MZEE: Sijakubali. Hapa kwangu mnyama wa namna hii hakai, na bei ile siisahau. Mshike nimpime kifua.

Alimpima kwa uzi, si kwa jicho. Alifunga fundo kwenye uzi, akalilinganisha na ngozi mara mbili kabla ya kukata, na alipomaliza kushona alijivika mkanda ule kifundoni mwa mkono wake mwenyewe, akauvuta kuona kama unakwaruza.